Mashine ya Kasimiri na Mtwangio wa Benadetha

Jirani yangu Kasimiri ana mashine ambayo kwa miaka mingi ilitengeneza kitu kimoja tu, nacho ni vipuri vyake yenyewe.

Sisemi kwa ubaya. Kasimiri nampenda, na mke wake Benadetha ni kama dada yangu, ingawa yeye na mumewe wametokea Mbulu na mimi nilifika Babati kutoka Rombo, nikimfuata mume aliyepata kazi ofisi za mkoa. Nyumba zetu hapa Bagara zimetenganishwa na ua wa minyaa, na minyaa haizuii sauti. Kwa hiyo ile mashine naijua. Najua ikianza kunguruma, najua ikikohoa, na najua ule ukimya unaofuata, ambao maana yake ni kwamba Kasimiri yuko chini kwa magoti anatafuta kitu kilichoruka.

Ni mashine ya kukereza, ile inayozungusha kipande cha mti kwa kasi huku fundi akikishikia patasi, mpaka kinakuwa cha mviringo na mikunjo ya kupendeza kama miguu ya vitanda vya maharusi. Wenye haraka wanainunua. Kasimiri aliamua kuitengeneza mwenyewe, kibandani nyuma ya jiko la mkewe. Ujana wake wote aliumaliza kwenye mashine ya kusaga unga njia ya Bonga, akilinda mikanda na puli, na mwenye mashine alipofunga biashara, Kasimiri aliomba apewe mota iliyochoka kama zawadi ya kuagwa. Aliileta nyumbani kwa toroli, taratibu, akiisindikiza kama bibi harusi. Benadetha anasema yeye mwenyewe siku anaolewa hakusindikizwa hivyo.

Mota ilihitaji puli, lile gurudumu la kupitishia mkanda. Puli za chuma zimejaa madukani, lakini Kasimiri akasema yake itakuwa ya mbao. Sasa, ili uchonge puli ya mbao iliyo mviringo kweli, unahitaji mashine ya kukereza, na mashine ya kukereza haizunguki bila puli. Mtu mwingine angeishia hapo. Kasimiri alichukua panga na tupa akachonga ya kwanza kwa mkono, ikatoka na umbo la yai. Mashine ikazunguka ikichechemea, na kwa kuchechemea huko akakereza puli ya pili iliyokuwa afadhali. Kwa kutumia ya pili akakereza ya tatu. Halafu mipini ya patasi, halafu vishikizo, halafu gurudumu la kukazia mti, halafu puli ya nne kwa sababu ya tatu ilikuwa na kaujinga fulani ambako yeye peke yake alikaona. Kila kilichotoka kwenye ile mashine kilirudi ndani yake.

Na ilikula vya watu. Shafti, yaani mhimili wake, ilitoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, hilo sawa. Lakini boksi la gurudumu la nyuma la baiskeli ya mume wangu, pale katikati spoku zinapoanzia, liliingia humo, mume wangu akiwa amekubali kwa kuwa hakuelewa vizuri alichoombwa. Mlango wa kabati la vyombo uliingia humo. Na kigoda cha jikoni cha Benadetha, alichokuwa anakalia tangu Mektilda mtoto wao akinyonya, kilionekana kina kimo kinachofaa kabisa kuwa kitako cha mota. Kasimiri aliahidi kumkerezea kingine mashine ikikamilika. Tangu siku hiyo Benadetha anapika akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, na Mektilda ameshaolewa Singe na ana watoto wawili.

Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Yosefu, ambaye naye alikuwa seremala. Benadetha alishawahi kusema, tena kwenye sala ya jioni, kwamba hajasikia popote kwamba Bikira Maria alikaa kwenye ndoo.

Basi, Kwaresima iliyopita kigango chetu kilikuwa kinakamilisha altare mpya, na kila jumuiya ilipewa kitu cha kuleta. Sisi tukaangukiwa na kinara cha mshumaa wa Pasaka, kile kirefu cha mbao kinachosimama pembeni ya altare. Tulikaa uani kwa mwenyekiti, Melkiori, mwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi, mtu nadhifu ambaye hata mafuta ya grisi yanamwogopa. Akasema rahisi ni kuagiza Arusha, kuna fundi anamfahamu. Watu wakaitikia kwa vichwa, kikao kielekee kwenye chai.

Kasimiri akasimama. Kasimiri hasimami kwenye vikao. Huwa anakaa nyuma, anaangalia miguu ya viti vya watu.

"Kinara nitakikereza mimi," akasema.

Watu wakaanza kutafuta pa kuweka macho. Melkiori akakohoa kidogo.

"Mzee Kasimiri, hatukatai. Ila hiki ni kinara cha kanisa, siyo puli."

Wengine walicheka. Na mimi nilicheka, kwa nini nikatae. Kasimiri akangoja tumalize, kisha akasema neno ambalo sidhani alikuwa amelipanga: "Kisipoonekana kanisani Jumapili ya Matawi, agizeni Arusha. Na mimi ile mashine naivunja. Mwenyekiti, utakuja kuchukua vyuma vyake mwenyewe upeleke kwa watu wa chuma chakavu."

Pembeni yangu Benadetha aliinua uso kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. "Mama Edda," akaninong'oneza, "umesikia? Mbele ya mashahidi."

Kesho yake asubuhi nilimwona kupitia minyaa akikipima kile kibanda kwa hatua. Alikuwa anahesabu kuku watakaoenea.

Kasimiri alikuwa na gogo la mninga, kavu, limehifadhiwa darini kwa ajili ya siku kubwa isiyojulikana. Siku ikawa imefika. Tatizo likawa beringi. Beringi ndizo zinazoshika shafti izunguke bila kuyumba, na alizokuwa nazo, za chuma, alikuwa amezitoa kwenye pikipiki ileile ya ajali. Vumbi la mbao likaziingia, zikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Melkiori alikuwa nazo mpya dukani, zimepangwa kwenye makopo. Lakini kumwendea Melkiori kuomba beringi wiki ile kungekuwa sawa na kumkabidhi vyuma mapema, na Kasimiri ana kiburi cha watu wapole, ambacho ndicho kibaya zaidi.

Akasema beringi pia atatengeneza za mbao. Alishawahi kusikia kule kwenye mashine ya kusaga kwamba zamani walitumia mti mgumu uliochemshwa kwenye mafuta mpaka ukanywa ukashiba, na shafti ikazunguka humo bila kelele. Mti mgumu alikata mwenyewe shambani. Na mafuta? Mtu wa kutoka Mbulu ukimtajia mafuta yanayofaa kitu chochote, kuanzia kifua cha mtoto hadi mlango unaolia, atakwambia ya mkia wa kondoo. Alikwenda bucha, akarudi na mkia mzima, akauchemsha na vile vipande vya mti kwenye sufuria kubwa ya Benadetha, ile ya shughuli. Benadetha alirudi toka shamba la mbaazi akakuta sufuria yake inachemsha kuni ndani badala ya chini.

"Baba Mektilda," akauliza, "hiyo ni mboga au ni mashine?"

"Ni beringi."

"Haya. Nitapika ugali wa kulia nayo."

Lakini zilifanya kazi, na hilo lazima niliseme. Mashine ilizunguka kimya hivi kwamba nilikwenda uani kuhakikisha haijafa. Lile gogo la mninga likaanza kupata shingo, likapata mabega. Kasimiri alitoka kibandani amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, anatabasamu peke yake. Benadetha akaacha kuhesabu kuku.

Ikaja Ijumaa ya mwisho kabla ya Matawi. Ijumaa za Kwaresima sisi Wakatoliki hatuli nyama, na jioni tunafanya Njia ya Msalaba mtaani, tukitoka geti hadi geti. Geti la Kasimiri lilipangiwa kituo cha tisa, pale Yesu anapoanguka mara ya tatu. Benadetha ndiye aliyebeba msalaba siku hiyo. Kasimiri mwenyewe alikuwa amesema atatukuta kituoni, anamalizia kidogo tu, na nyinyi mnaojua mafundi mnajua "kidogo tu" inavyokuwa.

Tulipokaribia, harufu ikatupokea. Nyama ya kondoo inachomwa. Siyo harufu ya mbali ya kubahatisha. Ni nyama iliyonona, inayodondosha mafuta kwenye moto, harufu inayomfanya mtu asahau alikuwa anasema nini. Mwanzoni nadhani kila mmoja alifikiri ni majaribu yake binafsi. Mimi niliinamisha kichwa nikaomba msamaha kimoyomoyo. Halafu nikaona mbele yangu Melkiori anavuta pumzi, anasimama, anavuta tena. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wameshatangulia, wamekaa mbele ya geti kwa utulivu ambao sisi wenyewe hatukuwa nao.

Tukapiga magoti. Katekista Konstantini akasoma tafakari, akimeza mate kila mstari. Tafakari yenyewe ilihusu mtu anayeshindwa na udhaifu wa mwili. Watu sasa hawakuangalia msalaba, walimwangalia aliyeubeba. Benadetha alikuwa amesimama wima, uso umeiva kwa aibu, na katika miaka yote ya kumtania mume wake sijawahi kumwona na uso ule. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Tulipomaliza kituo, Melkiori hakusubiri wimbo. Alifungua geti akapitiliza hadi nyuma, nasi sote tukamfuata, pamoja na mbwa. Kibanda kilikuwa kimejaa moshi. Katikati ya moshi alisimama Kasimiri na ndoo ya maji mkononi, anamwagia mashine yake.

Hapakuwa na nyama. Kulikuwa na beringi inayoungua. Mti alioutumia alikuwa ameukata juzijuzi, ndani bado una maji. Ulipopata joto ukakauka, ukajikaza, ukaibana shafti, na ule mkia wa kondoo wote uliokuwa umenyweka humo ukaanza kukaangika. Gogo la mninga lilikuwa bado limeshikwa kwenye mashine, zuri hadi kiunoni, chini bado ni gogo. Beringi zote mbili zilikuwa mkaa.

"Kwa hiyo hukuwa unakula," Melkiori akasema, kama aliyeibiwa kitu.

"Nakula nini?" Kasimiri akauliza. Kwa kweli hakuelewa. Pua yake ilikuwa imeizoea ile harufu tangu wiki iliyopita.

Ikabidi Katekista aulizwe hukumu, na Katekista akafikiri, akasema kunusa siyo kula. Watu wakaanza kucheka, wengine wakishika minyaa ili wasianguke. Kicheko kikatoka hadi barabarani na mtaa wote ukajua kabla ya kituo cha kumi. Melkiori akamshika Kasimiri bega, na sidhani alikuwa na nia mbaya. "Mzee wangu, umejitahidi. Kesho nampigia simu yule fundi wa Arusha. Na hili suala la vyuma tutaongea, usiwe na wasiwasi."

Kasimiri akasema, "Nilisema, basi nimesema."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Benadetha kumsaidia kuchambua mbaazi, na kusema kweli nilikwenda pia kuona. Yeye kwenye ndoo yake, mimi kwenye gunia. Kibandani kimya. Nikamwambia kwa utani sasa kuku watapata nyumba. Akaendelea kuchambua.

Kasimiri akaja akasimama mlangoni mwa jiko. Akanisalimia, akaulizia mbaazi zangu, akaulizia baiskeli ya mume wangu, jambo ambalo hajawahi kuthubutu. Macho yake lakini yalikuwa kwenye kona, palipo na kinu. Ndani ya kinu kulikuwa na mtwangio wa Benadetha. Alipewa na mama yake siku anaondoka kwao, naye mama yake aliukuta kwa mama mkwe. Ni mti mgumu wa msitu wa juu kule, mzito, mnene pande zote mbili, katikati mwembamba pa kushikia, mweusi kwa mikono ya wanawake watatu. Makande yote niliyokula kwenye nyumba ile yalipitia chini yake. Hakuna kitu kikavu kama kile Bagara nzima, na hata mimi, nisiyejua beringi ni nini, nilielewa anachokiangalia.

Hakuomba. Benadetha naye alikuwa ameshaona.

"Kigoda ulichukua," akasema, bila kuinua kichwa. "Mlango wa kabati ulichukua. Sufuria yangu hadi leo ukichemshia chai inanuka kondoo."

"Sijasema kitu, Mama Mektilda."

"Najua hujasema."

Kasimiri akavua ile aproni yake ya gunia, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kuni. "Naenda kwa Melkiori," akasema. "Nimwambie aje na toroli." Akaondoka kuelekea getini, na mgongo wake ulikuwa wa mzee. Sikuwahi kumwona Kasimiri kuwa mzee kabla ya hapo. Ikaniuma kwa vicheko vyote tulivyocheka, nikainamia mbaazi zangu.

Ndipo nikasikia msumeno.

Benadetha alikuwa ameulaza ule mtwangio juu ya ndoo, ameukanyaga kwa mguu, na anaukata. Msumeno ulikuwa wa Kasimiri, na aliushika vibaya, anakata kwa hasira, mti mgumu unakataa. Nikamwambia, "Dada, unafanya nini? Si ndiyo ulikuwa unaingoja siku hii?"

"Niliingoja," akasema, akipumua. "Mimi naicheka hiyo mashine kila siku, tangu asubuhi. Lakini jana nimewasikia nyinyi mnavyoicheka, na Melkiori anavyomshika bega. Kuicheka ni kazi yangu mimi. Wengine nani kawatuma?"

Halafu akaita kuelekea getini, kwa sauti ile anayomwitia akisahau kufunga ng'ombe: "Baba Mektilda! Njoo ushike upande huu, unacheza."

Kasimiri alirudi. Alipoona, alisimama kwanza. Alipiga magoti kwenye majivu akaushika ule mtwangio kwa mikono miwili, huku machozi yakimchuruzika kwenye vumbi la mninga lililokuwa halijaoshwa vizuri. Benadetha alikata hadi mwisho yeye mwenyewe. Hakumwachia msumeno.

Upande mmoja mnene ulitoa beringi mbili. Kuhusu mafuta Benadetha alitoa amri, yawe ya alizeti, ya mfungo. Mchana mashine ilianza kuzunguka, na safari hii haikuwa kimya kabisa. Ilikuwa na mlio mzito, wa chinichini. Jua lilipoanza kushuka harufu iliyokuja kupitia minyaa ilikuwa ya maandazi, na hakuna sheria ya Kanisa inayokataza maandazi.

Jumapili ya Matawi kinara kilikuwa pale, kando ya altare, kimefunikwa kitambaa cha zambarau, na Pasaka kikafunuliwa na mshumaa juu yake. Ni kizuri. Kina shingo na mabega, na chini kina pete tatu za kukereza ambazo mtu anatamani kuzigusa. Kilikuwa kinayumba kidogo, Melkiori akakunja kipande cha boksi la vipuri akakiingiza chini ya mguu kwa mikono yake mwenyewe, nafikiri kama njia ya kuomba radhi. Padri aliposema anaishukuru jumuiya kwa kazi ya mikono, Kasimiri alikuwa anaangalia miguu ya viti. Benadetha alikuwa anatuangalia sisi, mmoja mmoja, kama kuna yeyote anayetaka kucheka.

Wiki ile ya Pasaka nilipita kwake kumpelekea ndizi. Nilimkuta jikoni anatwanga mahindi ya makande, amekaa, kinu kati ya magoti. Mtwangio uliobaki ni mfupi, huwezi kuutumia umesimama. Na alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kipya, cha mninga uliobaki, miguu mitatu iliyokerezwa, na kila mguu una zile pete tatu kama za kinara. Pembeni ukutani ulisimama mtwangio mwingine, mrefu, mpya, umenyooka, nao kautoa Kasimiri.

"Huo mbona huutumii?" nikamuuliza.

"Ni mzuri," akasema. "Ila huu wa mama mkono umeuzoea." Kibandani mashine ilikuwa inazunguka na ule mlio wake wa chini. Benadetha akaacha kutwanga akasikiliza kidogo. "Na ule upande mwingine nao unafanya kazi. Unausikia?"

Nilikuwa nausikia. Nikatazama huku na huku, nikaona nyuma ya mlango ile ndoo, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi mahali pake.

"Na hiyo ndoo bado unaitunza?"

"Siitoi. Leo asubuhi nimemwona anakiangalia hiki kigoda kwa jicho moja."

Kabla sijacheka, mashine ikanyamaza. Tukasikia kitu kimeruka, kikagonga bati, kikaviringika. Halafu miguu ya Kasimiri ikaja taratibu hadi mlangoni, na sauti yake ile ya upole: "Mama Mektilda, hebu inuka kidogo."

Benadetha akaendelea kutwanga.